Mnaniuliza, Nawajibu: Yule mjusi kijani wa mgombani

Toleo lililopita nilikuwa naongelea popo wa Kidike, nikamtaja mjusi kijani wa Pemba kwa kupitia tu, mistari miwili haifiki, basi simu yangu haijapoa mpaka leo. Kumbe watu mna mambo na huyu mdudu (najua sio mdudu, tulieni). Nimeona bora safu nzima ya leo iwe yake. Meseji nyingi zinafanana kwa hiyo nimechukua tano, nimezifupisha kidogo na majina mmejipa wenyewe.

*Asalaam aleykum. Mimi nimeolewa Wete, huu mwaka wa pili, kwetu ni Tanga. Nyuma ya jiko kuna migomba na hapo wamejaa mijusi ya kijani, kijani kweli sio utani. Wanaingia mpaka ndani, juzi nimekuta mmoja kwenye jagi la juisi ya embe analamba ukingoni wala hana wasiwasi. Mama mkwe anasema wana sumu na akikuangukia unatoka mabaka mwilini. Watoto nao wanawapopoa mawe, wanasema ni mjusi kafiri ukimuua unapata thawabu. Nifanyeje mie? – Bi Harusi wa Wete*

Waaleykum salaam dada, karibu Pemba japo umeshakaa. Sumu hana. Hana meno ya sumu, hatemi, hamwagi chochote cha kukutoa mabaka. Ukimkamata ukambana anaweza kukung'ata kidogo kama kibanio cha nguo, na hapo wa kulaumiwa ni wewe. Mama mkwe usibishane nae, mwambie tu kwa adabu kwamba umeuliza. Ila jagi lioshe kwa sabuni na siku nyingine lifunike na kawa, maana mijusi yote, sio huyu peke yake, inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha tumboni na wanaacha vinyesi wanapopita. Hilo la usafi ni kweli, la mabaka ni hadithi.

Sasa la thawabu. Hadithi inayomtaja mjusi najua ipo, tumeisoma madrasa sote, ila fiqhi sio kazi yangu, muulize mwalimu wa watoto. Mimi nasema la viumbe tu: mjusi kafiri mnayemjua, yule wa kwenye taa, ni mwingine na huyu ni mwingine. Kafiri anatoka usiku, rangi yake kama maji ya chai ya maziwa, na mboni ya jicho lake imesimama wima kama ya paka. Huyu wa mgombani ni wa mchana, jua likitoka na yeye anatoka, magharibi anaingia kulala kama sisi, na mboni yake ni duara kabisa. Muangalie vizuri siku akija tena kulamba juisi utaona.

Na kwa nini analamba juisi? Chakula chake kikubwa ni nzi, panzi wadogo, buibui, vitu hivyo, lakini jamii yake yote wanapenda vitamu, wanalamba maji ya maua na chavua na tunda lililoiva likapasuka. Ndo maana wako kwenye mgomba, ua la mgomba kwake ni kama duka la juisi. Kwenye mnazi pia utamkuta, kule juu kwenye karara, na kwenye mkadi, ule ule mkadi ambao maua yake mnatilia kikuba.

Sisi tuliokulia Konde tulikuwa tunamtega. Unachukua chelewa moja unaifunga kitanzi kwenye ncha, unamsogezea taratibu shingoni, anadhani ni panzi, vup, umempata. Nilikuwa fundi wa hiyo kazi na sijisifii, nasema tu ili mjue naandika haya nikiwa na deni.

Na hapa ndo pa kumwambia mama mkwe kwa kujidai kidogo: huyo mjusi anayewatembelea jikoni dunia nzima kwao ni hapo hapo Pemba. Wataalamu wanamwita Phelsuma parkeri. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya sayansi ni Arthur Loveridge, mwaka 1941. Huyu Loveridge alikuwa Mwingereza, alifanya kazi makumbusho ya Nairobi, baadae idara ya wanyamapori Tanganyika, halafu akahamia Marekani chuo cha Harvard na huko ndo akawa anaandika wanyama wetu mmoja baada ya mwingine. Jina la Parker ni la bwana mwingine wa makumbusho ya Uingereza. Kwenye andiko lile lile fupi, kurasa chache tu, Loveridge aliwatoa wanne wa Pemba kwa mpigo: huyu kijani, mjusi mwingine mdogo zaidi, nyoka mwembamba kama uzi, na chura. Wawili kati yao akawapa jina la Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekaa Zanzibar na kupenda sana viumbe vya visiwani. Kwa hiyo Parker kapata wake na Pakenham kapata wawili, babu yangu aliyekuwa anamfukuza kwenye migomba kila siku hakupata hata mkia. Haya.

Ukubwa wake akikomaa ni kama sentimita 16 ukimpima na mkia wake. Watoto waambie wamuache, na kama mawe lazima yarushwe basi kuna embe juu.

*Mimi nipo Maskati lakini asili yangu Chake Chake. Nimesoma unasema huyo mjusi ni wa Pemba tu. Mbona Unguja nimewaona mjini kabisa, wa kijani vile vile, kwenye mnazi wa nyumba ya shangazi? Au ndo Wapemba mmeshaanza? Na swali la pili, nikija likizo naweza kuchukua wawili watatu nikawaachie bustanini kwangu huku, nina migomba kama ishirini inazaa vizuri. – Mwana wa Chake*

Hahaha, ndugu yangu, hata mimi Mpemba naona aibu ukisema hivyo. Uliyemuona Unguja ni jamaa yake, sio yeye. Huyo wa Unguja, Phelsuma dubia, rangi yake imefifia, leo ukimkuta kijani kesho kijivu, na mgongoni ana madoadoa mekundu-mekundu. Na huyo ni msafiri, yuko Unguja, yuko Bara pwani, yuko Ngazidja, yuko Madagascar. Wa Pemba yeye kijani kimekolea, na hajahama.

Kwa nini hajahama ndo utamu wa habari yenyewe. Chukua boti ya Unguja kwenda Dar, chini yako pale maji sio mengi kihivyo, sehemu nyingi hata mita 60 hazifiki. Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa baridi, maji mengi yameganda kuwa barafu huko kaskazini, bahari ikashuka kama mita 120 chini ya ilivyo leo. Sasa piga hesabu. Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa ni sehemu ya Bara, mtu angetembea kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka Bububu bila kulowa. Ndo maana Unguja kuna kima punju, kulikuwa na chui, kuna paa nunga, wote hao walikuja kwa miguu au mababu zao walikuja kwa miguu halafu maji yakapanda wakabaki.

Pemba hapana. Kati ya Pemba na Bara kuna shimo, mkondo wa Pemba, upana kama kilomita 50 na kina chake ni mamia ya mita, kuna sehemu inakaribia 800. Wavuvi wa Wesha na Mkoani wanaujua, jodari na nduwaro wanatoka hapo. Bahari ishuke mita 120, ishuke 200, Pemba bado kisiwa. Kwa hiyo wanyama wa Pemba ni wale walioruka, walioelea, au waliobebwa na watu. Kima punju wa Ngezi wale walipelekwa na binadamu miaka ya 1970, msidanganywe. Wenyewe halisi ni popo, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, yule bundi mdogo wa Ngezi anayelia usiku, na huyu mjusi wetu.

Ndege na popo wana mbawa, tunaelewa. Mjusi je? Jamii yake ni kama spishi 50 na wengi sana wako Madagascar, ndo nyumbani kwao. Wengine wako Komoro, Mauritius, Réunion, Shelisheli, na kuna mmoja yuko mbali huko visiwa vya Andaman karibu na Burma, kafikaje Mungu ndo anajua. Visiwa vya Komoro peke yake utachoka, Ngazidja ina wake, Mayotte ina wake zaidi ya mmoja. Mkondo wa bahari ukitoka upande wa Madagascar unakuja kugonga pwani ya Afrika chini kule halafu unapanda kaskazini kutupitia sisi. Gogo likisukumwa na mafuriko likaingia baharini, lina mijusi imejificha kwenye magome, au mayai tu yamekaa kwenye ufa, hicho ndo chombo chao. Mayai yao yana ganda gumu, hayakauki haraka. Haihitaji wengi. Hata jike mmoja mwenye mayai tumboni na bahati yake inatosha, halafu uwape maelfu na maelfu ya miaka peke yao bila kuchanganyika na wenzao, mwisho unapata mjusi ambaye hafanani na ndugu zake wa kokote.

Sasa hilo la kubeba wawili watatu. Ndugu yangu usifanye. Kwanza ukikamatwa nao uwanja wa ndege bila vibali ni kesi, nitalieleza kwenye swali linalofata. Pili hata kama ungepita. Kuna ndugu yao wa Madagascar mwenye mabaka mekundu mgongoni na vumbi la dhahabu shingoni, mzuri kupita kiasi, mwaka 1974 wachache waliachiwa karibu na chuo kikuu Honolulu huko Hawaii. Wachache tu! Leo wamesambaa visiwa karibu vyote vya kule, wako kwenye bustani, wako kwenye magari, wako mahotelini wanalamba jamu za wageni. Hao wamefanikiwa, watu wa Hawaii wasingewaomba. Wako wa Pemba kwa joto la Maskati la mwezi wa sita pengine wangekufa wote wiki ya kwanza, na mimi sijui lipi baya zaidi. Migomba yako iache izae, ukitaka kumuona mjusi njoo Pemba umuone, nauli unayo.

*Bro kuna jamaa kaja huku Micheweni, anasema anataka mijusi ya kijani hamsini wazima, analipa kwa kichwa na anataka haraka. Hela yake sio mbaya na mijusi yenyewe iko kibao si itazaa tena? Nisaidie mawazo kabla sijamjibu. – Kijana wa Micheweni*

Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza kabla. Jibu: hapana, na sikwambii kwa kuhubiri.

Jamii nzima ya hawa mijusi, Phelsuma wote, iko kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, kiambatisho cha pili. Maana yake kumtoa nje ya nchi lazima kuwe na kibali cha serikali, na kibali kitoke pale tu wataalamu wakisema idadi inaruhusu. Na Tanzania mwaka 2016 serikali ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Mtu anayekuja kijijini na ndoo anataka hamsini haraka, jiulize kibali chake kiko wapi. Siku ya kukamatwa yeye ana pasipoti, wewe una kitanzi cha chelewa mkononi.

Na hiyo ya "itazaa tena" ngoja nikupe kisa cha Morogoro. Kule kuna msitu unaitwa Kimboza, mdogo tu, kama hekta 400, upo chini ya milima ya Uluguru. Ndani yake anaishi mjusi mdogo, dume lake ni la bluu, bluu ile ya taa ya umeme, na yeye hana kwao kwingine zaidi ya Kimboza na vimisitu viwili vitatu vya jirani. Sio wa kisiwani lakini ni kama yuko kisiwani, kazungukwa na mashamba badala ya maji. Basi Ulaya na Marekani wakampenda kumfuga kwenye vioo. Watafiti walikuja kupiga hesabu wakakuta kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009 wametolewa kati ya 32,000 na 42,000. Msitu mmoja huo! Na wanavyowakamata sasa, huyu mjusi anakaa kwenye mkadi, kule juu kwenye majani, kumfata huwezi kwa sababu ya miiba, kwa hiyo watu walikuwa wanakata mkadi mzima unaanguka chini halafu wanaokota mijusi kama embe. Kwa hiyo mjusi kaondoka na nyumba kaondoka nayo. Mwaka 2012 akaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na ulipofika mkutano wa CITES wa 2016 akapandishwa kiambatisho cha kwanza, biashara ikafungwa. Waliokuwa wanamkamata kijijini walilipwa vijisenti, waliouza nje ndo waliona hela.

Wa Kimboza nao walikuwa "kibao". Wa kwetu wana afadhali kwa sababu wanakubali kukaa na watu, mgomba, mnazi, ukuta wa nyumba, hawana makuu, hawategemei msitu mmoja. Hiyo afadhali tusiiuze kwa kichwa. Ukitaka hela ya wanyama nenda Kidike ukaone wenzako walivyofanya kwa popo. Wale popo walikuwa wamebaki wachache sana mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kupigwa na kuliwa, vijiji vikakaa chini vikaamua, sasa hivi wako maelfu kwa maelfu na mgeni analipa kuingia kuwaangalia. Popo! Kiumbe ambacho mama yangu hataki hata kukitaja wakati wa kula. Kama popo analipa, mjusi mzuri vile atashindwaje.

*Shikamoo. Niko darasa la tano. Nataka kujua mjusi anatembeaje kwenye kioo bila kuanguka, je ana gundi? Na kwa nini anajilamba jicho? Na kaka anasema huyo wa Pemba ndo mjusi mdogo kuliko wote duniani, ni kweli? – Fundi Maswali, Unguja*

Marahaba mwanangu, maswali matatu kwa shilingi moja.

Gundi hana, miguu yake ni mikavu kabisa. Chini ya vidole ana vijinywele vidogo ambavyo kwa macho huoni, na kila kinywele kimechanika ncha mamia kama ufagio uliochakaa. Mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani walipima kinywele kimoja kimoja kwa mjusi mkubwa wa Asia, ambaye mguu wake mmoja una vinywele kama nusu milioni. Vitu viwili vikikaribiana sana sana vinavutana kidogo, hata wewe na ukuta, ila wewe hukaribii vya kutosha kwa sababu kidole chako kina mabonde. Vile vijinywele vyake vinaingia kila pahala, kamvuto kadogo mara mamilioni, ananata. Akitaka kuachia anakunja vidole kwa juu vinabanduka, kama unavyobandua selotepu kuanzia pembeni. Yote hayo anafanya akiwa anakimbia.

Jicho analilamba kwa sababu hana kope za kufumba. Lina kifuniko kama kioo cha saa, vumbi likikaa anafuta na ulimi, kama waipa ya gari. Hata akilala jicho liko wazi.

Kaka yako mwambie hapana. Mdogo kabisa anayejulikana ni kinyonga wa kaskazini mwa Madagascar, alitangazwa 2021, wanamwita Brookesia nana, dume lake kuanzia mdomo mpaka linapoanzia mkia ni milimita 13.5. Shika rula uone, anakaa juu ya ncha ya kidole chako na nafasi inabaki. Wa Pemba kwake ni kama mamba.

*Nimekuta mayai mawili meupe stoo nyuma ya magunia ya karafuu. Mama anasema ni ya nyoka tuyachome moto na stoo tuipulizie dawa. Haraka tafadhali maana mama ameshanunua dawa. – Mtoto wa Mwisho, Mkoani*

Mzuie mama! Yaguse kidogo kwa kidole. Kama ni magumu kama ganda la yai la kuku, duara-duara, ukubwa kama gololi ndogo, na ni mawili, hayo ni ya mjusi. Hawa wanataga mawili mawili, wa kijani na hata mjusi kafiri. Ya nyoka yanakuwa marefu-marefu, laini, ukibonyeza yanabonyea kama ngozi, na kwa kawaida yanakuwa zaidi ya mawili. Jike wa jamii ya hawa wa kijani hata ukimuona shingoni kavimba huku na huku kama ana matumbwitumbwi usimuonee huruma, haumwi, hapo anaweka akiba ya chokaa ya kutengenezea hayo maganda.

Yakiwa ni ya mjusi yaacheni hapo hapo, msiyageuze wala kuyahamisha, mayai ya mijusi ukiyapindua kitoto ndani kinaweza kufa. Baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili mtakuta maganda matupu na pengine mjusi wawili wa ukubwa wa njiti ya kiberiti wanahangaika kutafuta mlango. Wafungulieni. Na hiyo dawa karafuu zikiwa humo humo ndani, mama anataka kumuuzia nani?